Wateja watatu, antena mbili: seva za kituo cha setilaiti zigawanywe vipi?

"Habari za kazi, mtaalamu. Niko kwenye kituo kidogo kinachopokea data za setilaiti za kupiga picha za dunia. Tuna antena mbili za mkanda wa X. Mwaka jana tulistaafisha modemu za chuma, yale maboksi yanayogeuza mawimbi kuwa data, tukaweka modemu za programu kwenye seva tatu. Wateja wetu ni watatu, kwa hiyo tuligawa sawa kwa sawa: kila mteja seva yake, na theluthi ya laini ya intaneti; laini nzima ni megabiti 200 kwa sekunde. Setilaiti ikipita peke yake, hakuna tatizo. Zikipita mbili kwa pamoja tunazipoteza zote mbili katika dakika zile zinazogongana. Cha ajabu, grafu za seva hazifiki hata nusu. Digitaiza za antena zote, yaani vifaa vinavyogeuza mawimbi kuwa namba, zinachukua mkanda mzima ili tusikose kitu, zinaingia kwenye swichi moja kule kwenye antena, halafu faiba moja ya gigabiti 10 inaleta mzigo chumba cha seva. Bosi anataka tununue laini kubwa ya intaneti. Mwenzangu anasema tuhamishie modemu kwenye wingu, yaani seva za kukodi kupitia intaneti. Nani yuko sahihi, na hizi seva tuzigawe vipi?"

Ndugu yangu, kwanza pole. Setilaiti ikishazama upande wa pili huwezi kuiita irudi. Unabaki unaihesabia masaa, na mteja anakuhesabia wewe. Ila naona kilichokukera zaidi ni kwamba mligawa kwa haki kabisa, theluthi kwa theluthi, na siku ya mgongano haki hiyo haikumwokoa hata mteja mmoja. Mngetarajia walau mmoja apone. Kwamba hakupona hata mmoja ndiyo dalili kubwa katika barua yako, nami naanzia hapo.

Kuna maneno uliyaandika kwa kupita tu: "zinachukua mkanda mzima ili tusikose kitu." Hayo ndiyo yaliyonisimamisha. Tupige hesabu pamoja. Mkanda wa X unaotumiwa na setilaiti za uangalizi wa dunia unaanzia megahezi 8025 hadi 8400, yaani upana wa megahezi 375. Digitaiza ikitaka kuukamata wote lazima ichukue sampuli kwa kasi inayozidi kidogo upana huo; kwa nyongeza ya robo tunapata kama sampuli milioni 469 kwa sekunde. Kila sampuli ina sehemu mbili, na nikichukulia kila sehemu ni biti 8, hizo ni biti 16. Zidisha. Utapata gigabiti 7.5 kwa sekunde kutoka antena moja.

Antena moja ikifanya kazi, 7.5 inapita kwenye faiba ya 10 bila shida. Zikifanya kazi mbili, ni 15. Gigabiti tano kila sekunde hazina pa kupita, na swichi inazimwaga. Inayo akiba ndogo ya kuhifadhi pakiti zinazosubiri zamu, lakini kwa kasi hiyo akiba hujaa ndani ya milisekunde chache, na baada ya hapo swichi inadondosha bila kuuliza pakiti ni ya nani. Sampuli kwa kawaida husafirishwa kwa UDP, utaratibu wa kutuma pakiti ambao hauna habari ya kurudia kilichopotea. Modemu nayo inahitaji mtiririko usiokatika ili ibaki na mshiko wa mawimbi. Ukiinyima pakiti moja katika kila tatu, haitoi data yenye matundu, inaachia kabisa. Kwa kuwa swichi inamwaga za pande zote mbili, modemu zote mbili zinaachia.

Na zile grafu za seva zilizotulia? Mpishi hawezi kuchoka kwa samaki ambao hawajafika jikoni. Mlikuwa mnampima mpishi, na samaki wanamwagika njiani.

Kabla hujabadilisha chochote, nenda kwenye swichi ya kule kwenye antena, fungua hesabu ya pakiti zilizodondoshwa kwenye mlango unaokuja chumba cha seva. Iandike kabla ya pasi mbili kugongana (pasi ndiyo tunavyoita vituoni kila mara setilaiti inapopita juu yetu), iandike tena baada ya kugongana. Ikiwa imepanda kwa mamilioni, mwizi umemkamata. Ikiwa haijasogea, ruka hadi mwisho wa jibu hili, kwa sababu tatizo lenu ni jingine.

Nadhani neno "pepe" ndilo lililowapoteza, na si nyinyi peke yenu. Tukisema modemu pepe (hizo zenu za programu), mashine pepe (kompyuta iliyojengwa kwa programu ndani ya seva), mtandao pepe, tunaanza kuamini kwamba ni vitu vinavyoelea. Modemu pepe inakula viini halisi vya prosesa na kumbukumbu halisi, na inakunywa kwenye waya halisi. Mlipohama kutoka modemu za chuma mlihamisha pia mzigo: zamani mawimbi yalikuja chumbani kwa kebo yakiwa mawimbi, na kazi ya kuyageuza biti ilifanyika ndani ya boksi moja. Sasa yanakuja yakiwa sampuli, yakipita kwenye mtandao, na sampuli ni nene mno kuliko data iliyomo ndani yake.

Ni nene kiasi gani? Setilaiti zenu sijaziona, nichukue ya kawaida: inarusha alama milioni 75 kwa sekunde, kila alama biti mbili, upana wake hewani kama megahezi 100. Ukiondoa biti za kurekebisha makosa, data ya mteja ni kama megabiti 130 kwa sekunde. Nyinyi kwa ajili ya megabiti 130 mnasafirisha gigabiti 7.5, karibu mara sitini. Mkiiambia digitaiza ichukue zile megahezi 100 tu zinazotumika, sampuli zinashuka hadi milioni 125 kwa sekunde, na mzigo unakuwa gigabiti 2. Antena mbili, gigabiti 4. Faiba ile ile, swichi ile ile, na nafasi inabaki. Hamjalipa hata shilingi.

Najua utaniuliza habari za mawimbi kuhama masafa kwa sababu ya mwendo wa setilaiti, kwamba ndiyo maana mliacha mkanda wazi. Kwenye megahezi 8200, setilaiti ya kilomita 500 juu inahamisha masafa kwa kama kilohezi 190 huku au huku. Ni chini ya robo ya megahezi. Hamhitaji kuacha lango la megahezi 375 wazi kwa ajili ya hiyo. Ziko digitaiza za zamani ambazo upana haubadiliki ukiwa kazini, lakini nyingi za leo hupokea amri kabla ya kila pasi, na hapo ndipo amri hiyo inapotakiwa kutolewa.

Sasa tuje kwenye mgao wenyewe. Mmegawa kwa mteja. Gaweni kwa pasi. Bandarini hakuna mwenye meli anayemiliki theluthi ya gati mwaka mzima. Meli inatoa taarifa, inapangiwa gati, inashusha, inaondoka, na gati linabaki kwa inayofuata. Nyinyi mna bahati kuliko watu wa bandari, maana meli huchelewa na setilaiti haichelewi. Mkiwa na taarifa mpya za mzunguko wake, leo hii mnajua ni sekunde gani na upande gani itachomoza kesho. Ni biashara chache duniani zinazojua foleni ya kesho namna hiyo, na nyinyi mmegawa kama vile hamjui.

Halafu kuna hesabu rahisi ambayo imewapita. Mna antena mbili. Hata mngekuwa na wateja thelathini, zitakazopokelewa kwa wakati mmoja ni setilaiti mbili, basi. Kwa hiyo seva za kupokea moja kwa moja ni mbili. Kamwe hamtahitaji tatu kwa pamoja. Seva ya tatu mliyomkabidhi mteja wa tatu ni akiba inayoketi bure huku mkidhani ina kazi. Ipeni kazi mbili: iwe mbadala wa kuingia seva moja ikifa, na iwe jiko la kuchakata picha baada ya pasi, ili uchakataji usigombanie viini na modemu iliyo hewani.

Nafasi ya pasi moja iwe kifurushi kizima: antena, digitaiza ikiwa na upana uliotajwa, gigabiti 2 zilizolindwa kwenye swichi, viini na kumbukumbu kwenye seva moja, na eneo la diski. Ama pasi ipate vyote, ama isipangiwe kabisa. Kupanga antena ukasahau diski ni sawa na kukodi lori bila dereva. Mashine pepe iwashwe dakika tano kabla setilaiti haijachomoza, ijaribiwe kwa kipande cha sampuli mlizorekodi zamani, na ikishindwa mbadala uchukue nafasi wakati bado kuna muda. Pasi ikiisha, kila kitu kirudi kwenye kapu.

Umeona intaneti sijaiweka kwenye kifurushi. Ni makusudi. Vitu vya kituo viko vya aina mbili, vinavyoweza kusubiri na visivyoweza. Njia yote kutoka antena hadi modemu haisubiri hata kidogo. Hapo gawa kwa kulinda, na acha nafasi ya ziada. Biti zikishalala kwenye diski, zinaweza kusubiri. Hapo gawa kwa ukarimu. Nyinyi mmefanya kinyume. Njia isiyosubiri mmeiacha wazi bila ulinzi, na laini inayosubiri mmeikata vipande vitatu. Pasi yenye dakika 8 za maana kwa megabiti 130 inaacha kama gigabaiti 7.8. Kwa laini nzima ya megabiti 200 zinaondoka kwa dakika tano na kidogo. Kwa theluthi yake, zaidi ya dakika kumi na tano, na muda wote huo theluthi mbili za laini zimelala usingizi. Ondoeni kuta. Mwekeeni kila mteja kiwango cha chini anachohakikishiwa, na kinachobaki achukue aliye na mzigo.

Mtu akikushauri upange kama wanavyopanga kwenye kituo cha Svalbard, visiwa vya Norwe, msikilize kwa nusu sikio. Kule, nyuzi 78 kaskazini, setilaiti za mizunguko ya ncha hupita karibu kila zinapozunguka dunia, mara kumi na nne hivi kwa siku, na kazi inatawanyika usiku na mchana. Sisi wa karibu na ikweta setilaiti hiyo hiyo tunaiona mara chache, na mara hizo zimekusanyika. Setilaiti nyingi za picha hupangwa zivuke ikweta saa ile ile ya jua kila siku: Sentinel-2 saa nne na nusu asubuhi, Landsat 8 na 9 saa nne na robo hivi. Upande wa pili wa mzunguko ni saa nne na kitu usiku. Kwa hiyo kugongana kwenu si mkosi. Kumejengwa ndani ya kazi yenyewe, na mteja mpya wa picha mtakayemsaini atakuja kujipanga kwenye saa hizo hizo. Tofauti yake ni setilaiti zinazozunguka juu ya ikweta yenyewe, kama IXPE, darubini ya eksirei iliyorushwa Desemba 2021, ambayo kituo cha anga cha Waitalia cha Luigi Broglio pale Malindi hukutana nayo kila baada ya saa moja na robo tatu hivi. Na setilaiti nyingi za rada huvuka saa kumi na mbili asubuhi na jioni. Ningekuwa bosi wako, mteja wa nne ningemtafuta upande wa rada, kwa sababu angelipia antena saa ambazo sasa hivi zinaangalia mawingu.

Zikichomoza tatu na antena ni mbili, lazima mmoja akose, na hapo ndipo ugomvi unapozaliwa. Kama pasi zote zina uzito sawa, kanuni ya kuchukua kwanza inayoisha mapema inawapa idadi kubwa kuliko mbinu nyingine yoyote. Lakini uzito haulingani. Mteja anayefuatilia mafuriko hawezi kusubiri hadi usiku. Anayepima mashamba kwa msimu anaweza. Pasi inayopanda nyuzi 70 angani ina thamani kuliko inayochungulia kwa nyuzi 8 na kuzama. Setilaiti ambayo hifadhi yake imejaa inastahili mbele ya ile iliyomwaga mzigo jana. Wekeni uzito huo kwa namba, wateja wauone na kuukubali kabla ya mgongano. Kompyuta ya mezani ikijaribu mipangilio yote ya siku yenu itamaliza kabla chai haijapoa. Msinunue programu ya akili mnemba kwa ajili ya pasi ishirini na kitu. Na haki ile mliyoitafuta kwa theluthi, itafuteni kwenye daftari la dakika za antena kwa wiki: aliyekosa wiki hii anaongezewa uzito wiki ijayo. Kuna na njia ya katikati ambayo wengi hawaiulizi, kumkata mmoja dakika mbili za mkiani na kumwanzisha mwingine kwa kuchelewa. Wateja wengi hukubali wakiulizwa.

Nikuonye na jambo moja lililonichoma mwenyewe. Nilikuwa kituo kimoja nisichokitaja, saa nne usiku, mvua imekatika, antena inaifuata setilaiti vizuri na mstari wa nguvu ya mawimbi umenyooka kama uzi. Ghafla modemu ikaachia, ikajishika tena, na sekunde kadhaa za picha zikawa zimekwenda. Mawimbi hayakuwa yametikisika hata kidogo. Tulihangaika na kebo hadi usiku wa manane. Kumbe nilikuwa nimeacha imewashwa ile huduma inayohamisha mashine pepe kutoka seva yenye mzigo kwenda iliyo na nafasi. Iliona modemu inatumia viini vingi, ikaihurumia, ikaihamisha katikati ya pasi. Kuhama kule huigandisha mashine kwa muda mfupi. Mtu anayesoma barua pepe asingegundua. Kwenye mtiririko wa gigabiti 2, nusu sekunde ni megabaiti 125 za sampuli zilizomwagika. Tangu hapo modemu ninazifunga: viini vyake mwenyewe visivyoshirikiwa, kumbukumbu iliyo upande ule ule wa prosesa ilipo kadi ya mtandao, hakuna kuhamishwa, na hakuna prosesa kusinzia ili kuokoa umeme. Hapo ndipo mafundi wazuri wa seva za ofisi wanapojikwaa, maana kila walichofundishwa ni kuminya watumiaji wengi kwenye mashine moja.

Mwenzako wa wingu nimjibu kwa heshima, kwa sababu wazo lake si la kijinga. Amazon ilitangaza huduma yake ya vituo vya setilaiti Novemba 2018, na watu wanakodi antena kwa dakika. Lakini pale antena na seva ni za mwenye wingu, sampuli hazivuki intaneti ya mtu. Nyinyi mkibaki na antena zenu mkapeleka sampuli kwenye wingu kwa laini ya megabiti 200, pasi moja iliyokwisha kupunguzwa hadi gigabiti 2 ina gigabaiti 120, na itachukua saa moja na dakika ishirini kupanda. Moja kwa moja haiwezekani kabisa. Modemu zibaki kituoni. Kinachoweza kwenda juu ni data iliyokwisha kufunguliwa, na huko uchakataji wa picha unaweza kuwa nafuu kweli. Mkinunua vifaa vipya, dai viongee muundo wa DIFI, utaratibu wa pamoja wa kufungasha sampuli kwenye pakiti, ule uliochapishwa kama kiwango mwaka 2021, ili siku mkiichoka modemu ya kampuni moja msilazimike kubadilisha na digitaiza.

Bosi naye ana haki kwenye hali moja tu. Ikiwa wateja wawili wanataka data yao papo hapo wakati setilaiti zao zinapita pamoja, mnahitaji megabiti 260 na mna 200. Muulize kama mkataba wowote unasema papo hapo. Kama unasema ndani ya nusu saa, fedha hizo zinunue mlango wa pili wa gigabiti 10 kati ya swichi na seva, kila antena ipite njia yake. Hata mkipunguza upana nitawashauri hilo, kwa sababu siku fulani mtu atasahau kubadilisha mpangilio wa digitaiza, na njia mbili zitawasitiri. Mtandao unaojipanga wenyewe kwa programu, ule mnaosikia ukitangazwa, kwa swichi moja na antena mbili ni suti ya harusi kwenda sokoni.

Nirudi kwa yule ambaye hesabu ya swichi haikusogea. Hapo usiendelee kuhangaika na seva, wala usinitumie picha za grafu. Ita mtu mwenye kipima mkanda, kifaa kinachoonyesha nguvu ya mawimbi kwa kila masafa, aje asimame kwenye antena wakati zote mbili zinageuka. Nimeona mota mbili zikivuta umeme kwa pamoja hadi volti zikashuka na vipokezi vikayumba, tatizo linalotokea kwenye migongano tu, na kutoka chumba cha seva linafanana kabisa na lenu. Antena moja inaweza pia kuiziba nyingine upande fulani wa anga, au faiba ikawa na kiunganishi kichafu kinachokubali mzigo mdogo na kukataa mkubwa. Mwambie apime volti kwenye kabati la mota kwanza, kabla hajapanda juu.